Upande wa Kushoto

Punta Arenas wana kamba barabarani,
zimefungwa nguzo hadi nguzo kabla pepo za Oktoba,
ili watu wazima wasipeperushwe kama nguo.
Mimi kupeperushwa siogopi. Mwili ninao.
Naogopa kidole kimoja cha upepo
kinachokuja kunigusa hapa, chini ya jicho la kushoto,
mahali mume wangu alipozoea kubusu.

Daktari alinichorea uso kwenye karatasi,
ndani yake mti umelala, matawi matatu.
"Hili la kati ndilo lako."
Nimeibandika kwenye friji, kando ya bili ya gesi.

Watu huniuliza habari za jino.
Mawili nimeshang'oa bure.
Ni kama mtu amegusa waya ulio uchi ndani ya shavu langu
akaenda zake bila hata samahani.
Sekunde kumi. Ishirini. Kisha kimya,
na kimya ndicho kibaya, maana nakisikiliza.

Mwanzoni nilipigana. Nilikaza meno,
nikashika ukingo wa sinki hadi vidole vikawa vyeupe.
Maumivu humpenda mtu wa hivyo:
afunge milango yote, naye yumo ndani pamoja nayo.

Sasa napumua. Usinicheke.
Navuta kwa pua hewa ya jikoni, kuni na sufu mbichi,
natoa kwa mdomo uliofunguka kidogo,
kama anayepoza uji wa mtoto.
Namba zinanichosha, nahesabu kwa dada zangu:
Danica, Perina, Tonka, Luce, kuvuta.
Kutoa, nawarudia wote na waume zao watatu.
Luce hakuolewa.
Siku mbaya, mume wa Tonka, yule mlevi, namtaja mara mbili.

Saa nane mchana najilaza.
Zamani ningeona haya. Kiwandani, kwenye nyama baridi,
mama alianguka akiwa kazini, na watu wakamsifu.
Nafunga pazia. Shavu la kulia juu ya mto,
la kushoto liachwe, lisiguswe hata na shuka.
Usingizi siudai. Ukija, karibu.
Usipokuja, tumelala hivyo hivyo, mimi na mifupa.

Jioni ni redio.
Husoma ujumbe kwa walio mbali kwenye kondoo,
ambako simu haishiki:
"Kwa Segundo Oyarzo: mashine ya kunyolea itafika Alhamisi."
"Kwa jamaa wa Cárcamo: mama ametoka hospitali, anatembea."
"Kwa Nahuel: umesahau miwani. Ninayo. Rosenda."
Nafumua masweta ya zamani, uzi unakuja umejikunja,
najiuliza huyu Rosenda ataituma miwani
au ataishikilia ili arudiwe,
na kwa muda huo sina uso kabisa.

Jana wakasoma: "Kwa Eleuterio:
yule kondoo aliyeshindwa kuzaa…"
na umeme ukapita.
Nikashika uzi. Danica. Perina.
Sikukaza meno. Nikaacha upite,
kama lori kwenye barabara nyembamba, mtu unajibana ukutani.
Nilipofumbua macho, msomaji alishahamia kwa mwingine.
Nikakasirika. Machozi yakanitoka.
Ilinichukua muda kutambua
kwamba nalia kwa ajili ya kondoo.

Leo nimetoka. Skafu mizunguko mitatu,
mkono kwenye kamba, mitaa minne hadi kituo cha redio.
Kijana wa mapokezi hakuelewa.
"Wewe ni ndugu yake Eleuterio?"
"Hapana."
"Jina?"
"Milenka," nikasema, kwa nusu ya mdomo.
Akapekua daftari, akakuna kichwa.
"Huko hawajajibu bado. Rudi Jumatatu."

Jumatatu. Nikaiandika kiganjani kwa kalamu yake.
Nje upepo ulikuwa upande ule ule.
Nikasimama kwenye ngazi,
nikawaita dada zangu, mmoja mmoja,
hata mlevi,
kisha nikaishika kamba.